Mizani, Mvua ya Mawe na Bonasi: Kusoma Falsafa Katika Nchi ya Chai

Njia ya haraka ya kuua kikundi cha kusoma falsafa hapa Kericho au Bomet ni kuanza na majina. Socrates alimfundisha Plato, Plato akamfundisha Aristotle, na kadhalika mpaka mfike Ujerumani. Jumapili ya kwanza watu watajaa, ya pili watapungua, ya tatu utabaki na mwalimu mstaafu ambaye kwa kweli amefuata chai na mandazi.

Anza na ugomvi. Nchi ya chai haijawahi kuukosa: kilo zinazokatwa kwenye kituo cha kununulia majani, bonasi (malipo ya mwisho wa mwaka) ya huku ikilinganishwa na ya Kirinyaga na Murang'a, mashine zinazowapokonya wachumaji kazi, ardhi aliyoichukua mkoloni. Chunguza ugomvi wowote kati ya hiyo, utakuta ndani yake maswali matatu. Kitu tunachokizungumzia ni nini hasa? Yanayosemwa juu yake ni ya kweli? Na je, ni haki, ni jema? Watu huyauliza yote kwa pumzi moja, ndiyo maana mkutano wa wakulima ulioanza kwa maombi saa nne huisha kwa kelele saa saba. Wanafalsafa wa Magharibi wamebishana juu ya maswali hayo hayo kwa zaidi ya miaka 2,400, na pia juu ya kama yanatenganika. Plato aliamini kwamba kule juu kabisa kweli na wema hukutana. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliona ufa kati yao ambao watu huuruka bila kuuangalia. Ushauri wangu ni huu: yatenganisheni kwanza, kuyaunganisha baadaye ni kazi yenu.

Kabla ya kufungua kitabu

Watu sita hadi kumi wanatosha. Wasiwe wa aina moja. Tafuta mkulima mwenye miche yake, mchumaji wa shamba la kampuni, mwalimu, kijana aliye chuoni au aliyemaliza akakosa kazi, na mzee mmoja asiyekubali mambo upesi. Darasa la shule ya msingi Jumapili alasiri ni mahali pazuri, au kituo cha kununulia majani siku ambayo lori haliji.

Vitabu si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tafsiri za Kiingereza za Plato alizozitoa Benjamin Jowett mwaka 1871 hazina mwenye hakimiliki tena. Zinapatikana bure kwenye intaneti na zinasomeka kwenye simu. Aristotle, Hume, Locke na Mill nao wamo humo humo. Chapisheni kurasa nne au tano tu kwa kila mkutano. Tatizo halisi ni lugha. Utaratibu ninaoupendekeza ni kusoma kwa sauti kwa Kiingereza, kueleza kwa Kiswahili, na kubishana kwa lugha yoyote inayomjia mtu mdomoni, lakini mambo yanayoandikwa daftarini yawe ya Kiswahili. Katika makambi ya mashamba makubwa wamo Wakisii, Wajaluo na Waluhya; mkiandika kwa Kipsigis, lugha ya wenyeji, peke yake mtakuwa mmewafungia mlango.

Daftari liwe na safu tatu: ni nini, ni kweli, ni haki. Kila kauli inayotolewa iandikwe kwenye safu yake. Na kuwe na sheria moja ngumu: hakuna kuthibitisha jambo kwa kusema Kant alisema. Kama Kant ana hoja, itoe wewe.

Msifikiri pia kwamba kubishana kwa utaratibu kumekuja na meli. Wakipsigis walikuwa na kokwet, baraza la ujirani lililosikiliza kesi hadharani, na J. G. Peristiany alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu jamii hii. Ila wazee wa kiume ndio waliolitawala. Katika kikundi chenu kina mama wazungumze kwanza, maana sehemu kubwa ya majani yanayofika kiwandani hupitia mikononi mwao.

Mizani

Mkutano wa kwanza uhusu mizani. Mama amechuma tangu alfajiri. Nyumbani mizani yake ya kuning'iniza imesoma kilo 15 na nusu. Kituoni karani ameandika 14. Mama anasema ameibiwa. Karani anasema majani yalikuwa na maji na gunia lina uzito wake. Kila mmoja anasema anajua.

Hapo ndipo mfungue Meno, mazungumzo mafupi ya Plato. Karibu na mwisho Socrates anauliza kuhusu njia ya kwenda mji wa Larissa. Mtu mwenye maoni sahihi kuhusu njia, hata kama hajawahi kuipita, atakufikisha sawasawa na yule anayeijua. Kuna tofauti gani basi? Socrates anajibu kwamba maoni, hata yakiwa ya kweli, hayakai mahali pamoja. Hutoroka mpaka yafungwe kwa sababu. Mjaribu kwa njia ya kutoka Kapsoit kwenda Sotik, kisha mrudi kwenye gunia. Mama anaweza kuwa na maoni ya kweli. Je, ameyafunga kwa nini?

Njooni na mtungi wa lita 20. Maji ya kuujaza yana uzito wa kilo 20. Ongezeni uzito wa mtungi mtupu, mtundike kwenye mizani ya nyumbani, msome. Ikiwa mizani imekosea, mmepata jambo. Ikiwa iko sawa, bado kuna swali la pili, kwa sababu majani mabichi hunyauka na kupoteza uzito tangu yachumwe hadi lori lifike. Inawezekana watu wawili waaminifu wakawa na namba mbili. Inawezekana pia mmoja ni mwizi. Mambo haya mawili yanapimwa kwa njia tofauti, na hakuna hata moja linalopimwa kwa sauti kubwa.

Katika Meno kuna pia zoezi la kufanya kwa fimbo ardhini. Socrates anamwita mtumwa kijana wa Meno ambaye hajasoma, anamchorea mraba wenye pande za futi mbili, na kumwomba achore mwingine wenye eneo maradufu. Kijana anaongeza upande uwe futi nne. Eneo linakuwa 16 badala ya 8. Anajaribu tatu, linakuwa 9. Mwishoni, kwa maswali tu, anafikia mstari wa mshazari. Mfanyie mtoto wa darasa la tano mbele ya kikundi bila kumpa jibu, mwone muda unaochukua. Kisha mjiulize jambo ambalo Plato halipi nafasi. Ikiwa akili ya mtumwa huyu inafikia ukweli ule ule anaoufikia bwana wake, kwa nini mazungumzo yanaisha naye angali mtumwa? Wachumaji wa makambini wataliona swali hilo kabla ya walimu.

Mkutano unaofuata someni kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, pale mbishi mmoja, Thrasymachus, anapowaka na kudai kwamba haki ni manufaa ya mwenye nguvu, basi. Msimcheke haraka. Mwenye mizani huwa ndiye mwenye nguvu, na yeye ndiye mwenye kalamu. Halafu endeleeni na kitabu cha pili: mchungaji wa Lydia anaokota pete inayomfanya asionekane, naye anafanya alivyotaka. Je, karani akiwa peke yake na mizani angefanya nini? Na mkulima ambaye hunyunyizia majani maji, au huficha majani magumu chini ya gunia, yeye angefanya nini? Muulizane yote mawili kikao kimoja. Kikundi kinachouliza la kwanza tu ni kikundi cha malalamiko.

Chai nzuri ni ipi?

Sasa mwende kwenye swali la kitu ni nini. Kila mtoto wa hapa anajua sheria ya kuchuma: majani mawili na kichipukizi. Kiwandani majani hayo husagwa na kutoka kwa madaraja, BP1, PF1, PD, D1, na kule Mombasa waonjaji huyavuta kwa kijiko na kuyatema kabla ya mnada. Swali: chai ni nzuri kwa sababu wanunuzi wanailipia bei kubwa, au wanailipia bei kubwa kwa sababu ni nzuri?

Swali hilo lina ndugu yake kwa Plato, katika Euthyphro, ambapo Socrates anauliza kama jambo takatifu ni takatifu kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni takatifu. Waumini wa kikundi chenu watalidaka mara moja. Waacheni walifuate mpaka mwisho, maana majibu yote mawili yana gharama. Ukisema jema ni lile tu ambalo Mungu ameliamuru, basi angeamuru ukatili nao ungekuwa mwema. Ukisema Mungu huliamuru kwa sababu tayari ni jema, basi wema una makao yake mwenyewe. Mnada una gharama hizo hizo. Mwaka 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Chai nyingi ikabaki kwenye maghala bila mnunuzi. Amri haikuigeuza chai kuwa ya thamani hiyo machoni mwa wanunuzi. Lakini je, macho ya wanunuzi ndiyo kipimo?

Plato angesema hapana. Kwake yapo mambo yaliyo kamili, Vielelezo, ambavyo vitu tunavyovishika ni nakala zake zenye kasoro, na juu ya vyote kipo Kielelezo cha Wema. Mwishoni mwa kitabu cha sita cha Jamhuri anakifananisha na jua: kama jua linavyofanya vitu vionekane na kukua, ndivyo Wema unavyofanya mambo yajulikane na kuwapo. Mkifika hapo mzee wenu atatabasamu, kwa kuwa Wakipsigis walimwomba Asis, Mungu wao, wakielekea jua linakochomoza, na kila boma lilikuwa na mabwaita, madhabahu yake ya nje. Zungumzeni juu ya ufanano huo, ila msikimbilie kusema ni kitu kimoja. Asis aliombwa mvua, watoto na amani; Wema wa Plato hauombwi kitu, unafikiwa kwa miaka mingi ya hesabu na mjadala. (Kapkoros, ambalo leo ni jina la kiwanda cha chai Bomet, palikuwa mahali pa ibada ya jamii. Mambo huwekwa juu ya mambo.)

Kisha mpeni nafasi Aristotle, mwanafunzi aliyempinga mwalimu wake kwa heshima. Katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako anauliza mfumaji au seremala atafaidika nini katika kazi yake kwa kukijua Kielelezo cha Wema. Mwulizeni vivyo hivyo mtu aliyefanya kazi kiwandani. Anajua majani yakae kwenye vitanda vya kunyaushia kwa saa ngapi na harufu ipi huonyesha yameiva, na hajawahi kuhitaji Kielelezo. Mimi niko upande wa Aristotle katika hili, kwa sharti moja. Bila Plato ni vigumu kusema kwamba soko zima limekosea, na soko zima huweza kukosea.

Ndege, orkoiyot na mawe

Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Dakika kumi zinatosha kulichana shamba likabaki vijiti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 makampuni ya chai yaligharimia mradi wa kuizuia: ndege zilipanda hadi kwenye mawingu na kufyatulia humo iodidi ya fedha, ili mawe yaumbike madogo na mengi badala ya makubwa. Walioendesha mradi waliripoti kwamba madhara yalipungua.

Wekeni habari hiyo mezani, kisha msome sehemu za Hume kuhusu sababu na matokeo katika kitabu chake cha mwaka 1748. Anasema hatujawahi kuiona nguvu inayounganisha sababu na tokeo lake. Tunaona hili, halafu lile, tena na tena, na mazoea ndiyo yanayotufanya tungojee lile pindi tunapoona hili. Sasa muulize: ndege ilipanda, mawe hayakuanguka. Ni ndege? Mawingu mangapi hayakuguswa na ndege wala hayakuleta mawe? Nani alichagua wingu la kufyatuliwa? Nani alihesabu hasara, na mshahara wake ulitoka wapi?

Mkimaliza na ndege, geukeni upande wa pili bila kubadilisha hata swali moja. Orkoik (mmoja wao huitwa orkoiyot), viongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, waliaminiwa kuwa na uwezo wa kutabiri na wa mambo ya mvua na vita. Mwaka fulani mzee aliomba, mvua ikaja. Ni mzee? Miaka mingapi aliomba isije? Nani anakumbuka miaka hiyo? Nimesikia wasomi wanaoliuliza swali hili la pili kwa furaha na kulisahau la kwanza, na wazee wanaofanya kinyume chake. Hume hana upendeleo wa namna hiyo, au tuseme hoja yake haina. Mwenyewe alikuwa na upendeleo wake, nitaufikia.

Ongezeni jambo hili, ambalo ni la historia. Serikali ya mkoloni ilisema nguvu za orkoik ni ushirikina mtupu. Hata hivyo mwaka 1914 ilimfukuza Kipchomber arap Koilegen mpaka Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na mwaka 1934 ikatunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Ukiamini jambo si kweli, kwa nini ulitungie sheria? Jibu linalojitokeza ni kwamba nguvu ya orkoiyot ya kuwakusanya watu ilikuwa kweli, hata kama nguvu juu ya mvua haikuwa. Andikeni jibu hilo kwenye safu ya pili. Kama kuwahamisha wanawake na watoto kulikuwa haki, hiyo ni safu ya tatu, na haitegemei la mvua hata kidogo.

Dawa ya shaka ya Hume mnaweza kuifanya shambani. John Stuart Mill, mwaka 1843, alieleza njia ya tofauti: chukua hali mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, uone tofauti inayotokea. Watafiti wa chai wa Timbilil, hapa hapa Kericho, hulinganisha vitalu kwa mtindo huo. Nyinyi tengeni mistari miwili ya chai ya umri mmoja na mteremko mmoja. Mmoja uwekeeni mbolea ya NPK 26:5:5 kwa kipimo cha kawaida, mwingine muuache. Pimeni kila mchumo, mwandike. Baada ya misimu miwili mtakuwa mmejua kuhusu ukweli mambo ambayo mihadhara haitoi.

Pale "ni" inapogeuka "inapasa"

Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho. Kila upande ulikuwa na hoja, na hoja zote mbili zilikuwa na umbo moja. Mashine huchuma zaidi kwa gharama ndogo, kwa hiyo kampuni inapaswa kuinunua. Mashine hunyang'anya kazi watu wengi, kwa hiyo inapaswa kuondolewa. Katika kitabu cha tatu cha kazi yake ya 1739 na 1740, Hume anashangaa jinsi waandishi wanavyoanza kwa kusema jambo liko hivi au haliko hivi, na ghafla wanahamia kwenye linalopasa na lisilopasa bila kueleza wamevukaje. Zoezi: rekodini hotuba ya kiongozi yeyote kwa ruhusa yake, muisikilize, na msimamishe pale anapovuka. Kisha mtafute sentensi aliyoiruka. Upande wa kampuni imefichwa sentensi kwamba faida ina haki kuliko ajira. Upande wa pili imefichwa kwamba kazi iliyokuwapo jana lazima iwepo kesho. Zikitolewa nje, zote mbili zinaweza kujadiliwa na watu wazima.

Mill atajitokeza tena hapa, na insha yake ya 1861: pimeni furaha na maumivu ya wote wanaoguswa. Ni njia nzuri mpaka mtu aulize wote ni nani. Mwenye hisa wa ng'ambo? Mnywaji wa London? Mtoto wa mchumaji aliye kidato cha pili? Msiache kuhesabu kwa sababu ni vigumu.

Bonasi ina mwalimu bora zaidi, naye ni Aristotle wa kitabu cha tano cha Maadili. Anatenga haki mbili. Ya kwanza ni ya kugawa: kila mtu apate kwa uwiano wa anachostahili. Ya pili ni ya kusahihisha: aliyechukua kisicho chake akirudishe, awe tajiri au maskini, bila kuangalia uso. Kilo iliyokatwa kwa hila ni ya haki ya pili, irudi, basi. Bonasi ni ya haki ya kwanza, na Aristotle mwenyewe anakiri kwamba watu hukubali uwiano upesi lakini hugombana juu ya kipimo cha kustahili. Ndicho kisa chenu. Viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa vimezoea kulipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki, na sababu zinazotolewa ni bei ya mnadani, ubora, na gharama za uendeshaji. Ikiwa kipimo ni bei, ubora wa majani ni juu ya mkulima, lakini gharama ni juu ya wakurugenzi aliowachagua. Udongo na mwinuko havina wa kulaumiwa. Mwanafalsafa John Rawls, mwaka 1971, aliwataka watu watunge kanuni kabla ya kujua watazaliwa wapi. Jaribuni: andikeni kanuni ya bonasi mkiwa hamjui kama shamba lenu liko Mogogosiek au Kirinyaga. Mtashangaa jinsi kalamu zitakavyopunguza kasi.

Ardhi, na watu wanaobisha hodi

John Locke msimsome mapema, msomeni mkiwa mmezoeana. Katika kitabu chake cha pili cha utawala, cha 1689, sura ya tano, anasema ardhi ya wote huwa mali ya mtu anapochanganya nayo jasho lake, na ardhi isiyolimwa anaiita ya bure. Sheria za Ardhi za Taji za 1902 na 1915 zilienda sambamba na fikra hiyo: malisho ya Mkipsigis yalionekana kuwa uwanja mtupu. Baada ya Vita vya Kwanza ekari 25,000 za Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Kilimo chao cha kitani kikaanguka, na katika miaka ya 1920 Brooke Bond na Finlay wakaingia na chai. Jasho basi lilikuwa la nani? Angalieni mstari ambao wengi huupita: Locke anahesabu mabonge ya nyasi yaliyokatwa na mtumishi wake kuwa tunda la jasho la Locke. Someni aya hiyo mara mbili mbele ya wachumaji. Mwaka 2022 Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mkitaka, gaweni kikundi kiwe mawakili wa pande mbili, na kila upande umtumie Locke.

Kant naye ana makala ya 1797 ambamo anashikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yako uliyemficha, huna haki ya kumdanganya. Darasani kwingine huo ni mfano wa kuchezea. Hapa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka jamii nyingine walishambuliwa, wengine wakauawa, na katika Bonde la Ufa wapo waliopona kwa sababu jirani alisema hapa hayumo. Msilete makala hii mpaka watu waaminiane. Hakuna kutaja majina, na hakuna kumlazimisha mtu asimulie. Kwa maoni yangu Kant alikosea hapa, na alikosea vibaya. Lakini someni hoja yake kamili kabla ya kumhukumu, kwa sababu inagusa vilevile uongo mdogo wa kituoni.

Mtakutana pia na matusi. Hume, katika tanbihi aliyoiongeza mwaka 1753, aliwadharau Waafrika waziwazi. Kant aliandika mambo ya aina hiyo. Hegel, katika mihadhara iliyochapishwa 1837, aliiweka Afrika nje ya historia. Wasomeeni wanakikundi maneno hayo bila kuyaficha, kisha muyapime kwa kipimo cha Hume mwenyewe: ni ushahidi gani aliokuwa nao mtu ambaye hakuwahi kufika? Atashindwa mtihani wake. Hoja ya sababu na tokeo itabaki imesimama.

Mwisho, mtoke darasani mwende kwa wazee. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki 1995, alizunguka vijijini akiwahoji wenye hekima, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu yao. Alitofautisha mzee anayejua desturi zote na kuzieleza vizuri, na mzee anayeweza kuzipima na hata kuzikataa kwa sababu. Wa kwanza mtampata kila kijiji. Ili kumpata wa pili mtahitaji swali la pili. Mzee akisema zamani mwongo alilishwa kiapo kikamuua, muulizeni kwa adabu: na kama mtu mkweli aliapa akafa kwa malaria, mlijuaje? Nyamazeni. Andikeni jibu lake kama alivyolisema, mumrudie wiki inayofuata, mumsomee, mumwachie nafasi ya kujipinga.

Kwa ratiba, anzeni Julai. Mwaka wa fedha wa viwanda vya wakulima hufungwa 30 Juni na bonasi hutangazwa karibu na Septemba au Oktoba, hivyo mtakuwa mmemaliza Meno na kitabu cha tano cha Aristotle kabla ya kelele kuanza. Wakulima ni wanahisa wa kampuni za viwanda vyao. Ombeni hesabu zilizokaguliwa mapema, kwa barua, na mweke nakala ya barua hiyo.